Uzuri wa dada zetu: nani aliweka kipimo?



Mara hii hatuandiki juu ya mupira wala juu ya mitihani. Tunaandika juu ya orodha moja. Wengi wenu mnaijua. Mwanzoni mwa mwaka huu wa masomo, karatasi ilipita mkono kwa mkono katika vilasi vya juu. Ilikuwa na majina ya wasichana 12, tangu "muzuri kabisa" mpaka "wa mwisho". Hakuna aliyetia sahihi, lakini tusidanganyane: wawili kati yetu sisi tunaoandika gazeti hili walikuwa pale wakati ilipoandikwa, na kalamu ilikuwa yetu. Tulicheka sana siku ile. Leo tukiisoma tena kwa akili iliyotulia, tunaona neno ambalo hatukuliona siku ile: majina 4 ya kwanza ni ya wasichana weupe-weupe, na jina la mwisho ni la dada mwenye rangi nyeusi kuliko wote. Hatukupanga namna hiyo kwa kusudi. Ndiyo sababu jambo hili linatutia hofu.

Dada yule wa mwisho alirudi kutoka likizo ya Noeli uso wake umebadilika. Mashavu yalikuwa mekundu, masikio na shingo vimebaki vyeusi, na viungo vya vidole pia vyeusi. Wavulana wakaanza: "Uso Fanta, mikono Coca!" Siku ya kazi ya mikono shambani hakumaliza hata saa moja juani. Aliacha jembe, akaenda kujificha chini ya mti, uso unamuwaka kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Wasichana wenzake ndio walimpeleka kwa munganga kwenye kituo cha afya. Sisi wavulana tulibaki tunalima na kucheka.

Ametupa ruhusa kuandika haya, pasipo jina lake. Alisema tu: "Muandike muzuri, kusudi wengine basifanye kama mimi."

Basi tulienda kuuliza. Tuliuliza munganga, tuliuliza mwalimu wa shimi na mwalimu wa historia, tuliuliza mama zetu, tulifungua vitabu. Haya ndiyo tuliyopata.

1. RANGI NYEUSI NI KITU GANI?

Katika ngozi ya kila mtu kuna seli ndogo zinazotengeneza rangi. Rangi yenyewe inaitwa melanini. Wengi wetu tulifikiri kwamba mtu mweusi ana seli hizo nyingi na mzungu ana chache. Sivyo. Hesabu ya seli hizo inakaribiana kwa watu wote, weusi na weupe. Tofauti ni kazi yao: kwetu zinatengeneza chembe kubwa na nyingi, kwao chembe ndogo na chache.

Chembe hizo zina kazi gani? Zinafunika kiini cha seli kama mwavuli, kusudi miale mikali ya jua isiharibu mbegu za uhai zilizo ndani. Sisi wa milimani tunahitaji mwavuli huo kuliko wengine. Kila unapopanda mita 1000, miale ile inaongezeka karibu sehemu 10 kwa 100. Vilima vya Masisi vingi vinakaribia mita 2000 na vingine vinapita. Baridi ya asubuhi inatudanganya, tunafikiri jua letu ni dogo, kumbe linachoma.

Mwenye kutaka kujua melanini inatusaidia kiasi gani, awaangalie ndugu zetu wenye ualbino. Wao walizaliwa na melanini kidogo sana ao hawana kabisa, na kansa ya ngozi inawapata mapema wasipojikinga kwa kofia, nguo ndefu na mafuta maalum. Wao hawana mwavuli na wanautafuta kwa taabu. Sisi tunao, na wengine wetu wanatoa pesa kusudi waupasue.

2. NDANI YA KOPO KUKO NINI?

Dada yetu alinunua kopo lake sokoni wakati wa likizo. Halikuwa na jina la kiwanda wala karatasi ya maelezo. Muuzaji alichanganya mafuta mawili matatu kwa kijiti mbele ya macho yake, akamwambia: "Juma mbili tu, utajiona." Mchanganyiko wa namna hiyo watu wengi wa Afrika ya Mashariki wanauita mkorogo. Jina linafaa, sababu hata anayeukoroga hajui kitakachotoka.

Munganga alitueleza kwamba katika dawa hizi za kujichubua vitu vitatu ndivyo vinavyoonekana mara nyingi.

Cha kwanza ni hidrokinoni. Mwalimu wetu wa shimi alishangaa kusikia kwamba watu wanaipaka usoni, sababu yeye aliijua kama dawa ya kusafishia picha za zamani, zile za nyeusi na nyeupe. Na habari ya mwanzo wake inafaa kujulikana. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika kiwanda kimoja cha ngozi za wanyama huko Marekani, wafanyakazi waliovaa glavu za mpira waliona mikono yao inapoteza rangi, madoa kwa madoa. Waganga wakatafuta sababu, wakakuta ndani ya mpira ule dawa iliyo ndugu ya hidrokinoni. Angalieni vema: dawa za ukoo huu zilijulikana kwanza kama ajali ya kazi. Wafanyakazi wale waliugua. Baadaye wafanya biashara waliona ugonjwa ule, wakautia ndani ya chupa na kuuita uzuri.

Hidrokinoni inazuia seli zisitengeneze melanini. Kwa miezi ya kwanza mtu anafurahi. Akiendelea miaka, ngozi inaweza kugeuka nene na kuota madoa ya rangi ya bluu na nyeusi kwenye mashavu. Mwaka 1975 waganga wa Afrika ya Kusini walieleza ugonjwa huu kwa wanawake waliotumia dawa hizi muda mrefu. Unaitwa okronosi, na kuutoa ni kazi ngumu sana. Ndiyo kusema, mtu alikimbia weusi aliopewa na mama yake, akaangukia weusi mwingine usiotoka. Afrika ya Kusini ilikataza dawa hizi mwaka 1990. Umoja wa Ulaya nao umekataza hidrokinoni katika mafuta ya kung'arisha ngozi tangu mwaka 2001.

Cha pili ni zebaki, ile chuma ya maji inayokaa ndani ya vipima-joto vya zamani. Inatiwa katika sabuni na mafuta mengine. Inapita kwenye ngozi, inaingia katika damu, inaharibu figo na mishipa ya fahamu. Mama mwenye mimba akiitumia, inamfikia hata mtoto tumboni. Mwaka 2013 mataifa yalifanya mapatano juu ya zebaki yanayoitwa Mapatano ya Minamata, kwa jina la mji wa Japani ambao watu wake walipata taabu kubwa sababu ya zebaki iliyotupwa baharini na kuingia katika samaki. Mapatano hayo yaliweka mwaka 2020 kuwa mwisho wa kutengeneza mafuta na sabuni zenye zebaki kupita kipimo kidogo sana, na mwaka 2023 mataifa yalikubaliana kuondoa hata kile kidogo kufika 2025. Lakini sheria ni neno moja, na meza ya muuzaji ni neno lingine.

Cha tatu ni kortizoni. Hii inadanganya kuliko zote, kwa sababu ni dawa ya kweli. Munganga anaiandika kwa ugonjwa fulani wa ngozi, kidogo, kwa siku chache. Lakini mtu akijipaka mwili mzima kila siku kwa miezi, ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi ya vitunguu. Mishipa inaonekana, mistari inatokea mapajani, kidonda kidogo kinakataa kupona. Inaweza kupandisha sukari ya damu na kupandisha damu yenyewe. Na siku mama anapohitaji kupasuliwa kusudi azae, munganga anashona ngozi inayopasuka kama nguo iliyooza.

Hapa tunatia neno la lazima kwa mwenye kutumia tayari: usiache kwa siku moja peke yako, kisha ukanyamaza. Mwili uliozoea kortizoni unaweza kusumbuka sana ukikatiwa ghafula. Uso unavimba na kuwaka, na mtu anarudia kopo kwa hofu. Nenda kituo cha afya, peleka kopo lenyewe, useme kweli. Munganga ameona wengi, hatakucheka.

Jirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa mwaka 2018, walianza kupita katika maduka na kukusanya mafuta haya. Ni vizuri. Lakini kopo likitoka mezani na kipimo kikibaki kichwani, mtu atatafuta kopo lingine. Kwa hiyo tuliuliza swali la pili.

3. KIPIMO KILITOKA WAPI?

Mwalimu wa historia alituambia: "Musianze na mafuta. Muanze na wale waliokuja na kipimo mkononi."

Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa 2 alileta Wakongomani 267 Ubelgiji, wanaume, wanawake na watoto, kusudi waonyeshwe kwa watu huko Tervuren karibu na Brussels. Waliwekwa katika vijiji vya kuigiza, wazungu wakipita mbele yao kutazama. Saba walikufa kule, na makaburi yao yako karibu na kanisa la Tervuren mpaka leo. Mbele yao, mama mmoja wa Afrika ya Kusini, Sara Baartman, alipelekwa London mwaka 1810, akaonyeshwa kwa pesa sababu ya umbo la mwili wake. Alikufa Paris mwaka 1815. Hata mifupa yake iliwekwa katika nyumba ya maonyesho, ikarudi kwao mwaka 2002 tu, ikazikwa kwa heshima. Watu wale hawakuulizwa kama ni wazuri. Waliangaliwa tu.

Katika eneo letu la maziwa, kipimo kilichukua njia nyingine. Mwaka 1863 Mwingereza John Hanning Speke alitoa kitabu cha safari yake. Alifikiri kwamba watawala wa nchi hizi, sababu ya urefu wao na pua zao, hawawezi kuwa watu wa hapa. Lazima walitoka mbali, ni wa ukoo ulio karibu na wazungu. Hakuwa na ushahidi wa kutosha, lakini wazo lake lilipendwa. Baadaye wakoloni walipima pua na vichwa vya watu kwa vyuma, kama mtu anayepima mbao, na huko Rwanda katika miaka ya 1930 kila mtu mzima aliandikiwa kabila lake kwenye kitambulisho. Namna hiyo uso ulipewa ngazi: huyu juu, huyu chini.

Je, ngazi hiyo iliwaletea heri wale waliosemwa kuwa juu? Hapana. Desemba 1990 gazeti la Kangura la huko Rwanda lilitoa zile "amri kumi" zake za chuki, na za kwanza zilihusu wanawake: liliwachora wanawake wa Kitutsi kama mtego uliowekwa kwa uzuri wao. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari, wanawake wengi walitendewa maovu kwa sababu ya maneno ya namna hiyo. Tarehe 2 Septemba 1998 mahakama ya Arusha, katika hukumu ya Akayesu, ilisema kwa mara ya kwanza kwamba kubaka kunaweza kuwa njia ya kutenda mauaji ya kimbari.

Na sisi hapa? Masisi na Walikale zilijua vita vya mwaka 1993, na baada yake vingine vingi. Katika shule hii wamo watoto wa Wahunde, wa Wahutu, wa Watutsi, wa Wanyanga, wa Watembo. Kila mmoja wetu anajua nyumba ambayo mtu alikufa kwa sababu ya jina lake, lugha yake ao uso wake. Mtu akisema kilasini, "Ule dada pua yake inaonyesha kwabo ni wapi," anafikiri anafanya mchezo tu. Tunaomba afikiri mara mbili. Maneno ya namna hiyo yamekwisha kuua watu katika vilima hivi.

Mtauliza, pua na kopo la mafuta vinahusiana namna gani? Ni ngazi ile ile. Aliyekubali kwamba pua fulani iko juu, hatakawia kukubali kwamba rangi fulani iko juu. Na aliyekubali kwamba yeye yuko chini, atatafuta namna ya kupanda, hata kwa kuchoma uso wake.

4. AMRI ZA WANAUME

Viongozi wa Afrika waliona mapema hatari ya kuiga. Oktoba 1968, vijana wa chama cha TANU huko Tanzania walitangaza Operesheni Vijana: tangu tarehe 1 Januari 1969 mini, suruali za kubana, wigi na mafuta ya kujichubua visionekane tena. Kwetu, katika miaka ya 1970 wakati nchi ikiitwa Zaire, siasa ya Otantisite iliwataka mama wavae kikwembe na kuacha suruali na wigi.

Kuna jema katika mawazo hayo: watu walianza kusema bila haya kwamba mweusi ni mzuri. Lakini huko Dar es Salaam makundi ya vijana waliwakamata wasichana njiani, hasa Kariakoo, wakawapiga na kuwachania nguo. Ni ajabu kidogo. Unasema unamtetea mwanamke mweusi, kisha unamvua nguo mbele ya watu! Sisi tunaona kwamba heshima haiingizwi kwa fimbo. Kama msichana anajichubua sababu wavulana wamemdharau, wavulana wale wale wakimpiga kwa kujichubua, basi wamemwonea mara mbili.

5. NYWELE

Juu ya nywele tunaweza kusema kwa furaha zaidi. Siku ya Jumamosi baada ya kazi, angalieni kule upande wa wasichana. Mmoja anakaa chini, mwenzake nyuma yake juu ya kiti, kichwa kati ya magoti, kitana mkononi. Saa mbili ao tatu zinapita. Pale ndipo habari za nyumbani zinaelezwa, pale ndipo mwenye huzuni analia bila mtu kumwona uso. Kazi hii hailipwi franka hata moja. Leo nakusuka, kesho unanisuka.

Babu zetu walijua kwamba kichwa cha mwanamke kinasema. Kule kaskazini, kwa Wamangbetu, mama walisuka nywele zikasimama nyuma kama kikapu kilichofunguka mdomo. Wazungu waliopita na magari ya Citroën katika safari ya mwaka 1924 mpaka 1925 walishangaa, wakachora na kupiga picha, na sura hiyo ikaenea Ulaya. Hivi mama wa Kongo alionekana mzuri kwa wageni bila kupaka kitu usoni.

Hatusemi kwamba anayelainisha nywele amefanya zambi. Kila mtu ana kichwa chake. Tunasema ajue. Oktoba 2022, watafiti wa Marekani waliofuata wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11 walitoa habari juu ya dawa za kunyoosha nywele. Kwa wasiozitumia, waliona kwamba karibu 2 kati ya 100 wangepata kansa ya mji wa mimba kufika umri wa miaka 70. Kwa wanaozitumia mara nyingi, karibu 4 kati ya 100. Haijathibitishwa kwamba dawa yenyewe ndiyo sababu, lakini mwenye akili anasikia mlio wa gari kabla hajaliona.

Na nyinyi mnaolalamika kwamba shule inataka nywele fupi, kumbukeni Flaviana Matata wa Tanzania. Mwaka 2007 alisimama katika mashindano ya Miss Universe kichwa kimenyolewa kabisa, akafika katika kumi wa kwanza.

6. MVULANA NA MSICHANA

Sasa tunafika mahali panapotuuma sisi wenyewe.

Dada yetu hakusoma Speke. Hakusikia habari ya Tervuren. Kipimo kilimfikia kwa njia fupi zaidi. Kwanza nyumbani, alipokuwa mdogo, shangazi alisema: "Huyu mutoto amekuwa mweusi kama chungu, tutamuoza wapi?" Watu wakacheka, yeye pia akacheka. Kisha sokoni, aliposikia mama wawili wakisema juu ya bibi-arusi: "Ule ni mweupe, kwabo batatosha ng'ombe mingi." Mwisho shuleni, karatasi yetu.

Maneno kama hayo yanaingia mapema. Katika miaka ya 1940, Kenneth Clark na mke wake Mamie, wote wawili weusi wa Marekani, walionyesha watoto weusi wadogo wanasesere waliofanana kwa kila kitu, isipokuwa rangi. Wakauliza: yupi ni mwema? Yupi ni mbaya? Watoto wengi walichagua mweupe kuwa mwema. Mwaka 1954 mahakama kuu ya Marekani ilitaja kazi yao ilipokataza kutenga watoto kwa rangi katika shule. Watoto wale hawakuzaliwa na wazo hilo. Walilikuta limetandikwa kama kitanda.

Hata mwenye kusifiwa na dunia alipita njia hiyo. Lupita Nyong'o, mtoto wa Kenya aliyepata zawadi ya Oscar mwaka 2014, alieleza mwaka huo huo kwamba alipokuwa mdogo alimwomba Mungu aamke asubuhi akiwa na ngozi nyeupe zaidi. Alianza kupona alipoona Alek Wek, binti wa Sudani ya Kusini mweusi sana, akisifiwa kwa uzuri wake mbele ya watu wote. Mwaka 2019 Lupita alitoa kitabu cha watoto kinachoitwa Sulwe, maana yake nyota kwa Kijaluo, juu ya msichana mwenye rangi ya usiku. Mnaona? Mtu mmoja aliyesifiwa kwa haki alimfungulia mwingine mlango.

Sisi tunaosoma Biblia hatuna udhuru. Katika Wimbo Ulio Bora, sura ya kwanza, bibi-arusi mwenyewe anasema kwamba ni mweusi na ni mzuri, na kwamba jua lilimchoma sababu ndugu zake walimtuma kulinda mashamba. Msichana wa Masisi anayerudi kutoka shambani anaweza kumwelewa kuliko wasomaji wengi wa Ulaya. Na katika Hesabu sura ya 12, Miriamu alimsema Musa vibaya sababu ya kuoa mwanamke Mkushi. Adhabu yake ilikuwa nini? Ngozi yake iligeuka nyeupe kama theluji, na weupe ule ulikuwa ugonjwa.

Wavulana wenzetu, tuseme kweli. Tunaposema tunamtafuta "mweupe", tunamtafuta nani? Ndoa ni miaka 40, Mungu akitoa uzima. Katika miaka hiyo kutakuwa njaa, kutakuwa kukimbia, kutakuwa mtoto mwenye homa usiku. Rangi ya mama haitapunguza homa. Waswahili wa pwani wanasema: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Na hapa kwetu hakuna anayeuliza rangi ya ng'ombe kabla ya kunywa maziwa.

Wasichana pia tunawaomba neno. Mvulana anayekupenda kwa sharti kwamba ubadilike, amekwisha kukuambia kwamba hakupendi. Na msiumizane wenyewe. Lile neno "Fanta" tuliosema sana ni sisi wavulana, lakini tulisikia sauti nyembamba pia.

7. TUFANYE NINI?

Tumekubaliana mambo matatu, na tunawaomba mfanye pamoja nasi.

La kwanza: hakuna orodha tena, ya wasichana wala ya wavulana.

La pili: mtu akimsifu mwenzake, asimsifu kwa kumshusha mwingine. Usiseme "uko mweusi lakini uko muzuri". Hilo "lakini" ndilo sumu yote.

La tatu: tukirudi nyumbani likizo, tusikubali wadogo wetu waitwe chungu ao makaa. Tuwaambie wazazi kwa adabu. Udongo wa vilima vyetu ni mweusi, na viazi vyake vinalisha Goma. Hakuna aliyewahi kuutukana.

Tunamaliza kwa habari moja. Majuma mawili yaliyopita, sisi wawili wa kalamu ile tulimfuata dada yetu, tukamrudishia karatasi na kumwomba msamaha. Uso wake umeanza kupona pole pole; munganga anasema itachukua miezi, na mahali pengine alama itabaki. Aliisoma orodha yote, tangu juu mpaka chini, bila haraka. Kisha akauliza: "Na kwa Hesabu, muliniweka wa ngapi?"

Tulinyamaza. Kwa Hesabu yeye ni wa kwanza, tangu mwaka wa kwanza. Wote tunajua, sababu wote tunanakili kaye yake.

Alikunja karatasi, akaitia ndani ya kitabu chake, akasema ataichoma yeye mwenyewe, siku atakayotaka.